Somo la Leo: Mashine Inayotii Tarakimu

Leo tutazungumza juu ya fundi wa mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa kwa kompyuta. Mwaka 1952, huko Marekani, mashine ya namna hii ilifuata tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi.

Fundi hufunga chuma barabara, huweka kisu cha kukatia, huandika tarakimu, kisha hufunga mlango. Mashine hukata yenyewe. Lakini haina akili, hutii tu. Wataka kuondoa milimita 2.5. Ukiandika 25.0, kisu chaweza kuvunjika, nawe waweza kuumia. Kwa hiyo pima, soma mara mbili, ndipo ubonyeze.

Sasa andikeni: 2.5, 25.0. Mmeiona nguvu ya nukta? Kwaherini.