Mstaafu wa kigeni Kilwa: mkaazi kwenye kodi, mgeni kwenye ardhi

NYUMBA yenye baraza inayotazama bahari, mtumbwi uliofungwa ufukweni na pensheni inayoingia benki kila mwezi kutoka Ulaya. Hiyo ndiyo ndoto ambayo mgeni aliyestaafu anaweza kuanza kuijenga akilini akiwa bado na viza ya matembezi mkononi, baada ya siku chache za kutembea Kilwa Masoko na kuvuka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani.

Ndoto hiyo haimhusu yeye peke yake. Inamhusu pia mwananchi anayeombwa kuuza kiwanja, mwenyekiti wa kijiji anayeombwa kugonga muhuri, na kijana anayeambiwa kuwa jina lake tu ndilo linalohitajika kwenye hati.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mgeni huyo yuko chini ya sheria tatu zisizomtazama kwa jicho moja. Sheria ya Kodi ya Mapato inaweza kumhesabu kuwa mkaazi mapema sana. Sheria ya Uhamiaji inamhesabu kuwa mgeni wa muda hata akizeekea hapa. Sheria ya Ardhi inamwambia kuwa kiwanja hawezi kumilikishwa kama raia, iwe amekaa mwezi mmoja au miaka 20.

Kwa upande wa uhamiaji, viza ya kawaida ya matembezi humruhusu mgeni kukaa nchini hadi siku 90. Kutoka na kuingia tena kila inapokaribia kwisha si ukaazi, ingawa wapo wanaodhani hivyo. Anayetaka kuishi anapaswa kuwa na kibali cha ukaazi chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995.

Vibali hivyo viko katika madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, Daraja B ni la walioajiriwa, na Daraja C ni la wasio katika makundi hayo mawili, wakiwamo wanafunzi, watafiti, wamisionari, watu wa kujitolea na wastaafu. Madaraja yote matatu yana muda wa kwisha, hivyo mstaafu mwenye Daraja C hana budi kuomba upya kila muda unapomalizika.

Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 iliweka kibali cha Daraja K kwa mtu mwenye umri usiopungua miaka 35 ambaye ana kipato cha uhakika kisichotokana na ajira ndani ya nchi, na kanuni zake zikataja kiwango cha dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Mgeni aliyezoea habari za Malindi au Diani akivuka mpaka kuja Lindi na hesabu hiyo kichwani, atakuwa amekuja na kanuni za nchi nyingine.

Aidha, kibali cha Daraja C si ruhusa ya kufanya kazi. Mstaafu anayepeleka watalii Songo Mnara kwa malipo, au anayefungua duka la vinyago, ameshatoka kwenye masharti ya kibali chake. Tangu Julai 2025 jambo hilo limekuwa zito zaidi, kwani Serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo kuongoza watalii, maduka ya vitu vya kumbukumbu, uwakala wa kutuma fedha kwa simu na udalali wa nyumba na viwanja. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua Sh10 milioni au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake.

Sehemu inayowashitua wastaafu wengi ni kodi. Imani iliyozoeleka ni kwamba pensheni ya Ujerumani ni mambo ya Ujerumani na TRA haina haja nayo. Sheria haisemi hivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu binafsi ni mkaazi kwa mwaka husika akiwa na makazi ya kudumu nchini na akawapo kwa sehemu yoyote ya mwaka huo. Anakuwa mkaazi pia akikaa nchini jumla ya siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, hata kama siku hizo hazifuatani. Na anakuwa mkaazi akiwapo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kwa kila mwaka.

Kigezo hicho cha tatu ndicho huwapita watu kimyakimya. Mtu anayekuja Kilwa kila Juni mosi na kuondoka mwisho wa Oktoba anakaa siku 153. Hafikii 183, hivyo anajiona yuko salama. Lakini akifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, wastani wake umeshapita 122, na mwaka wa tatu sheria inamwita mkaazi.

Uraia wake hauingii kabisa katika hesabu hiyo. Wala kibali hakiingii: mtu anaweza kuwa amechelewa kuomba Daraja C na bado siku zake zikahesabika kwa ajili ya kodi.

Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Hata hivyo, sheria imeweka nafuu kwa anayeanza. Ambaye katika maisha yake yote hajawa mkaazi kwa zaidi ya jumla ya miaka miwili, hutozwa kwa mapato yenye chanzo ndani ya Tanzania tu. Nafuu hiyo ikiisha, pensheni ya nje, riba ya benki ya nje na kodi ya pango ya nyumba aliyoiacha kwao vyote vinaingia kwenye hesabu.

Viwango ni vilevile anavyotozwa mwalimu wa Nangurukuru. Mapato ya hadi Sh270,000 kwa mwezi hayatozwi. Juu ya hapo kinaanza kiwango cha asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na kinachozidi Sh1 milioni hutozwa asilimia 30. Kwa mfano, pensheni inayolingana na Sh3 milioni kwa mwezi ina kodi ya Sh728,000: Sh128,000 kwa milioni ya kwanza na Sh600,000 kwa milioni mbili zinazobaki.

Swali linalofuata ni kama atalipa mara mbili. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na nchi kadhaa, zikiwamo Sweden, Norway, Denmark, Finland, Italia, Canada, India, Afrika Kusini na Zambia. Uingereza, Marekani na Ujerumani hazimo.

Kukosekana kwa mkataba hakuna maana kwamba mstaafu hana kinga yoyote. Sheria yenyewe inamruhusu mkaazi kupunguza kodi ya hapa kwa kiasi cha kodi aliyokwisha kulipa nje kwa mapato hayohayo, kwa ukomo uliowekwa. Sharti ni kuwa na uthibitisho. Mjerumani anayeishi nje ya Ulaya na kupokea pensheni ya kwao mara nyingi huhusika na ofisi ya kodi ya Neubrandenburg, na karatasi za ofisi hiyo ndizo atakazozihitaji mbele ya TRA. Mmarekani hutozwa na nchi yake popote aendapo kwa sababu ya uraia wake, hivyo naye atunze nakala za ritani zake. Ritani ya Tanzania, kwa anayefuata mwaka wa kalenda, huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia Juni 30.

Mwingereza ana jambo lake la ziada. Pensheni ya Serikali ya Uingereza haiongezwi kila mwaka kwa mtu anayeishi Tanzania, tofauti na aliyebaki nyumbani. Kiasi anachoanza nacho hapa ndicho atakachokuwa nacho baada ya miaka 15, huku bei ya samaki Masoko ikiendelea kupanda.

Ardhi ndiko wageni na wenyeji wanakoumizana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hatapewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo hapewi hati kama ya raia. Hupewa haki inayotokana na hati iliyo mikononi mwa mamlaka ya uwekezaji, ambayo zamani ilikuwa TIC na tangu mwaka 2025 ni TISEZA. Chini ya Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022, mtaji wa mgeni kupata cheti ulianzia dola 500,000. Nyumba ya kuzeekea haiwi uwekezaji kwa sababu tu ni ya gharama.

Sehemu kubwa ya pwani nje ya miji ya Kilwa Masoko na Lindi ni ardhi ya vijiji, na huko kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo wa 1999. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano haumfanyi mgeni kuwa mmiliki. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe. Mita hizo 60 ndizo hasa mgeni anazozitaka.

Zanzibar inachanganya zaidi. Visiwani ipo miradi ya nyumba ambamo mgeni anayenunua nyumba ya thamani ya kuanzia dola 100,000 hupata njia ya kuomba ukaazi. Utaratibu huo ni wa Zanzibar, na hauvuki bahari kuja Lindi.

Ndipo huja shauri la kutumia jina la mwenyeji. Mgeni anatoa fedha, raia anaandikwa kwenye hati, na wawili hao wanasaini karatasi ya siri kuwa mwenye mali ni mgeni. Karatasi hiyo haina nguvu, kwa kuwa Sheria ya Mikataba haitambui makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria nyingine. Raia akifariki, warithi wake wanaona jina la marehemu kwenye hati, na mahakama nayo italiona hilohilo.

Mwenye jina naye hayuko salama. Wakigombana, yeye ndiye atakayeeleza alikopata fedha za kujenga nyumba ile, na ndiye anayedaiwa kodi ya pango la ardhi iliyoandikwa kwa jina lake. Njia nyepesi kwa mstaafu ni kupanga nyumba kwa mkataba wa maandishi, na mwenye nyumba akabaki na mali yake.

Ndoa haifuti ugumu huu wote. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Hubaki kuomba kama wengine, kwa masharti yakiwamo kuishi nchini jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi na kujua Kiswahili au Kiingereza. Na kwa kuwa uraia pacha hauruhusiwi kwa watu wazima, atalazimika kuuacha wa kwao.

Lipo kundi jingine ambalo kumwita mmoja wao mgeni kunauma: mzaliwa wa Kivinje au Mchinga aliyekwenda Uingereza au Oman ujanani, akachukua pasipoti ya huko na sasa anataka kurudi kuzeekea kwao. Kwa kuchukua uraia mwingine kwa hiari alipoteza wa Tanzania, na kwa miaka mingi alipangwa foleni moja na Mjerumani. Mabadiliko ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yaliyopelekwa bungeni mwaka 2024 yaliweka Hadhi Maalumu kwa raia wa nje wenye asili ya Tanzania, yakimlegezea masharti ya ukaazi na ardhi.

Kwenye kodi, hadhi hiyo haimwondoi katika vigezo vya ukaazi. Akiwa na nyumba yake Kivinje na akalala humo siku chache tu za mwaka, ameshakuwa mkaazi wa mwaka huo.