UZITO WA KAMERA: TUNZA MGONGO WAKO SIKU YA POSHO



Katika kambi zetu na katika site, watu wengi wana kazi ya pili. Kuna fundi wa viatu, kuna anayelima shamba kando ya mto, na kuna mpiga picha. Huyu wa mwisho tunamjua wote. Siku ya posho na siku ya Mungu anavaa shati safi, anatundika kamera shingoni, anatupa mkoba begani, kisha anakwenda kwenye ndoa, ubatizo, sherehe ya diploma au matanga. Kwa feza hiyo analipa minervali ya watoto.

Ni kazi ya heshima. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha za mitambo ya zamani ya Katanga, na picha hizo zimeonyeshwa hata Ulaya. Leo tunataka kusema juu ya jambo moja la kazi hii ambalo watu hawalihesabu: uzito. Mgongo unaobeba kamera siku ya Mungu ni mgongo uleule unaoingia kazini asubuhi ya siku ya kwanza. Ukiuharibu huko, utaukosa huku.

1. MKOBA WAKO UNA KILO NGAPI?

Wengi wanajibu: «Si mzito.» Tuuweke kwenye mizani. Tuchukue mfano wa kamera moja ambayo wapiga picha wa ndoa wanaijua, Canon EOS 5D Mark IV. Peke yake, na batri ndani, ina gramu 890. Objektifu ya kazi zote, ile ya milimita 24 mpaka 70 (f/2.8 ya aina ya pili), ina gramu 805. Objektifu ndefu ya milimita 70 mpaka 200 (f/2.8 ya aina ya tatu) ina gramu 1480. Vitatu hivi tu vinafika kilo 3 na gramu 175.

Sasa ongeza flashi na batri zake, karibu nusu kilo. Ongeza miguu mitatu ya kusimamisha kamera, kilo 2. Mkoba wenyewe, ukiwa mtupu, unaweza kuwa na kilo moja na nusu. Chupa ya maji ya litre moja ni kilo 1. Tumepita kilo 8, na hatujaweka kamera ya pili, chaja, wala mwavuli.

Kwa mtu wa kilo 60, kilo 8 ni zaidi ya sehemu 13 katika 100 za mwili wake. Mtu mzima mwenye afya anaweza kubeba hivyo kwa mabega mawili, kwa muda. Lakini tazama siku ya ndoa: asubuhi kwa bibi arusi, kisha komini, kisha kanisa, kisha picha za bustani, kisha sale ya feti mpaka usiku. Ni saa 10 au 12 za kusimama, kuinama, kupiga magoti na kukimbia mbele ya maarusi. Na mara nyingi uzito wote uko kwenye bega moja.

Ukitaka kujua kilo za mkoba wako, panda kwenye mizani nao mgongoni, andika hesabu. Kisha shuka, uweke chini, panda tena. Toa hesabu ya pili katika ya kwanza. Kinachobaki ndicho unachobeba.

2. KWA NINI KILO CHACHE ZINALETA MAUMIVU?

Mgongo wa mtu, kutoka shingoni mpaka kiunoni, una mifupa 24 inayojongea: 7 ya shingo, 12 ya kifua, 5 ya kiuno. Kati ya mifupa hiyo kuna mito midogo inayopokea mishindo. Pembeni kuna nyama zinazoshika kila kitu kisimame. Mzigo ukiwa karibu na mgongo, nyama hizo zinafanya kazi kidogo. Mzigo ukisogea mbali, kazi yao inaongezeka sana, hata kama kilo ni zilezile.

Mama zetu wanaijua sheria hii bila kuisoma shuleni. Mtoto anafungwa kwa kitenge juu ya mgongo, akishikana kabisa na mwili; hakuna mama anayembeba mtoto kwa kumning'iniza pembeni kwa kamba. Lakini mpiga picha anafanya hivyo kwa mkoba wake kila juma.

Kamera iliyotundikwa shingoni inavuta kichwa mbele. Kichwa cha mtu mzima tayari kina karibu kilo 5. Nyama za nyuma ya shingo zinavuta kurudi nyuma siku nzima, ndiyo maana jioni unasikia moto kati ya mabega na kichwa kinauma kutoka kisogoni.

Mkoba wa bega moja unafanya mtu apandishe bega hilo na kupinda kiuno upande wa pili. Zaidi ya hayo, mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi inapita kati ya shingo na bega, chini ya mfupa wa mtulinga. Mkanda mwembamba wenye kilo nyingi unaweza kuibana. Hapo vidole vinakuwa na ganzi, mkono unakosa nguvu. Kwa mtu anayeshika ufunguo, msukano au kebo kesho yake, mkono wenye ganzi ni mlango wa ajali.

3. SHERIA ZA KAZINI ZINASEMA NINI?

Mwaka 1967, Shirika la Kazi Ulimwenguni lilitoa Mkataba nambari 127 juu ya uzito ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubeba. Shauri lililokwenda pamoja nao, nambari 128, linataja kilo 55 kwa mwanaume mzima: zaidi ya hapo lazima kutafuta njia ya kupunguza. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya ya kazi (NIOSH) inatumia hesabu ndogo zaidi: kilo 23 kwa kuinua, na hiyo ni wakati mambo yote ni mazuri, mzigo uko karibu na mwili, na mtu hajipindi.

Msiseme basi: «Kilo 8 ni mchezo.» Hesabu ya kuinua si ruhusa ya kuning'iniza mzigo kwenye bega moja saa 12. Uzito, umbali wa mzigo na mwili, na muda: hivi vitatu vinahesabiwa pamoja.

Madereva wa kamio kubwa za karieri wasikie vizuri. Mtetemo wa gari kwa posti nzima unachosha mgongo, na madereva wa namna hiyo wanapata maumivu ya kiuno kuliko wengi. Mkishuka kwenye gari, tembeeni kwanza dakika chache kabla ya kuinua kitu chochote kizito. Na wale waliotoka posti ya usiku wasiende moja kwa moja kwenye ndoa. Walale kwanza.

4. NAMNA YA KUPUNGUZA

Chagua kabla ya kutoka. Jiulize: leo nitapiga picha gani? Kwa ubatizo katika kanisa dogo, ile objektifu ndefu haina kazi. Objektifu ndogo ya Canon ya milimita 50 (f/1.8 STM) ina gramu 160 tu. Kamera, objektifu hiyo, flashi, mkoba mwepesi wa nusu kilo na maji: jumla karibu kilo 3. Umeacha nyumbani kilo 5, ndiyo mfuko mzima wa unga wa bukari.

Gawanyeni. Wapiga picha wawili wa mtaa mmoja wanaweza kufanya kazi pamoja, mmoja na objektifu fupi, mwingine na ndefu. Miguu mitatu inaweza kubaki kwa jamaa ya arusi. Lakini msimpe mtoto wa shule mzigo wa mtu mzima ati kwa sababu ni mdogo wenu na anapenda kusaidia. Mifupa yake bado inakua.

Usiache maji. Mwezi wa 10, kabla ya mvua, joto letu ni kali. Mtu aliyekauka anachoka upesi na anajikwaa. Punguza chuma, usipunguze maji.

5. NAMNA YA KUBEBA

– Mkoba wa mgongoni wenye mikanda miwili mipana ni bora. Kaza mikanda mpaka mkoba ushikane na mgongo, usianguke juu ya matako.
– Vitu vizito viweke upande wa mgongo, katikati. Vyepesi viweke nje na juu.
– Kama una mkanda wa kiuno, ufunge. Unapeleka sehemu ya uzito kwenye nyonga, nazo ni imara kuliko mabega. Kwa safari ya mbali, kama kwenda kuona maporomoko ya Lofoi huko Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya mita 300, usitoke bila mkanda huo.
– Kama una mkoba wa bega tu, pitisha mkanda juu ya kifua kwa mshazari, na ubadilishe bega kila nusu saa.
– Kamera usiiache shingoni ukiwa umesimama tu. Iweke chini mahali salama, au mpe mwenzako.
– Ukipiga picha, viwiko viwe karibu na mbavu, mkono wa kushoto chini ya objektifu. Kamera na objektifu ndefu ni kilo 2 na gramu 370. Na mkono wenyewe una karibu sehemu 5 katika 100 za uzito wa mwili. Ukinyoosha mikono mbele, bega linalipa yote.
– Ukitaka picha ya chini, piga goti. Usiiname kwa kiuno huku mkoba uko mgongoni.
– Juu ya teksi-moto, mkoba uwe mgongoni na mikono miwili iwe huru.

Kwa wanaopiga picha ndani ya mitambo kwa ruhusa ya wakubwa: kofia ngumu na viatu vya usalama kama kila mtu. Usikaribie ukanda wa kusafirisha mawe wala mashine yoyote inayozunguka na mkanda wa kamera unaoning'inia. Ukishikwa, unavuta shingo. Na usirudi nyuma hatua hata moja ukiwa na jicho kwenye kamera. Geuka kwanza, tazama.

6. JIONI NA ASUBUHI

Ukifika nyumbani, tua mzigo, tembea kidogo. Zungusha mabega nyuma mara 10. Inamisha kichwa polepole upande wa kulia, hesabu mpaka 15, kisha kushoto. Lala chali, vuta goti moja kwenye kifua, kisha lingine. Maji ya moto katika kitambaa juu ya shingo yanatuliza, lakini yasiunguze.

Usiku mito ya mgongo inanyonya maji na kuvimba. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka si wakati wa kuinama na kuinua ndoo au mkoba.

Mgongo ukiuma, usilale kitandani juma nzima. Zamani ilishauriwa hivyo. Leo tunajua kwamba kutembea polepole na kuendelea na kazi nyepesi kunaponyesha upesi zaidi. Usinunue sindano wala vidonge vya maumivu vya sokoni: vingine, vikimezwa kila siku, vinatoboa tumbo na kuharibu figo.

7. NJOO UPESI DISPANSERE

– Kama mkono au mguu una ganzi isiyoisha, au umekosa nguvu.
– Kama maumivu yameanza baada ya kuanguka.
– Kama maumivu ya mgongo yanakuja pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Hapo kosa linaweza lisiwe la mkoba: kifua kikuu kinaweza kuingia katika mifupa ya mgongo. Kinapona kwa dawa, lakini ukichelewa kinaweza kuacha kilema.
– Kama huwezi kuzuia mkojo au choo, au sehemu ya katikati ya mapaja imekufa ganzi: usingoje kesho. Nenda hospitali saa ileile.

Mama wa nyumbani, ninyi mnaona mengi kabla yetu. Baba akianza kusugua bega kila siku ya Mungu usiku, au akishika kikombe kwa mkono wa pili, msingoje aseme. Chukueni mkoba wake, pimeni kilo zake, na mwulize ni kitu gani hakukitumia leo. Hicho kibaki nyumbani juma lijalo.

Afya njema kwenu wote na kwa jamaa zenu.

Mganga msaidizi, Idara ya Afya