Minembwe: Utalipaje mfereji ambao haupo?

Huko Nairobi, nyumba iliyounganishwa na mfereji wa maji machafu ilizoea kulipishwa asilimia 75 ya bei ya maji safi: ukitumia maji ya shilingi 1.000, uliongeza 750. Hakuna anayepima kinachotoka, wanahesabu kilichoingia.

Minembwe, hesabu hiyo haina pa kuanzia. Hapa ni choo cha shimo, na shimo likijaa, familia inachimba lingine kwa nguvu zake. Hayo nayo ni malipo.

Sheria ya maji ya Desemba 2015 iliyapa majimbo na tawala za chini mamlaka juu ya huduma ya maji. Lakini komini ya Minembwe ilizinduliwa Septemba 2020, na Oktoba Rais Tshisekedi akatangaza kuifuta. Basi mkaaji akiombwa kodi ya usafi, aulize: inapokelewa na nani, na uchafu wangu unapelekwa wapi?