Biashara imelala? Kabla uue tovuti yako, soma hii kwanza

Wadau, tusidanganyane, mfuko umetoboka. Tangu Julai 2023 VAT ya petroli iruke kutoka asilimia 8 hadi 16, chochote kinachobebwa na gari kilipanda nayo. Payslip ikaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba, halafu Oktoba 2024 ikaja SHIF na asilimia 2.75 yake. Kastoma wako bado ako, lakini ile soo tano alikuwa anakurushia bila kufikiria, siku hizi anaipigia hesabu usiku mzima.

Wenye biashara wengi wakibanwa, kitu cha kwanza kukata ni tovuti. "Si tuko na Instagram na WhatsApp?" Nimeskia hiyo laini mara mia na naielewa, juu rent ya kibanda haingoji mtu. Lakini hapo ndio unajichoma.

Cheki vile wewe mwenyewe unanunua vitu siku hizi. Huingii tu duka ukatoa ganji. Uko kejani saa nne usiku, unalinganisha bei hapa na pale, unataka kujua kama kuna diliveri, kama kitu ikikubana utarudisha. Mtu akisota huuliza maswali mengi kabla alipe. Tovuti ndio yule mfanyikazi anayejibu hayo maswali kama umelala, na haombi pesa ya lunch.

Sistangu huuza ndula za mtumba pale Umoja. Huamka saa tisa usiku ndio afike Gikomba kabla kamera ziishe (kama hujui, kamera ni zile safi za kwanza kuchaguliwa bale ikifunguliwa). Januari 2024 dola ikapita shilingi 160, na kwa sababu mzigo hununuliwa kwa dola huko nje, bei ya bale ikapanda na kastoma wakapungua. Akaniambia ile tovuti nilimtengenezea haina faida, tuizime tu.

Tukaketi tukaiangalia kama kastoma. Aki ilikuwa aibu, na ni mimi niliiandika. Ukurasa wa kwanza: "Karibu, sisi ni viongozi wa ubora." Bei hakuna. Eti "inboksi kwa bei." Sasa mtu ako na jirongo moja kwa M-Pesa anainboksi nini? Anajua unataka kumpima mfuko kwanza, na anahamia kwa mwingine.

Tukaanza upya. Kila ndula ikapata bei, saizi na hali ya soli, hata kasoro: "imekwaruzika hapa kwa kisigino." Nilidhani hiyo itafukuza watu. Wapi! Ilipunguza tu zile kelele za "hii sio ile niliona." Chini ya picha tukaandika nauli ya boda kwa kila mtaa anaofikisha mzigo, na vile anatuma shags na matatu za sacco. Halafu kitufe cha WhatsApp ambacho ukibonyeza, ujumbe uko tayari: "Nataka ndula namba 14, saizi 42, bado ipo?" Hiyo ni linki ya wa.me tu, hulipi hata ndururu.

Na picha, tafadhali. Picha moja ya simu inaweza kuwa MB 3 au 4. Kastoma amenunua bando ya mbao, wewe unataka aimalize kwa raba moja? Zipunguze zifike chini ya KB 200, simu yake haitaona tofauti.

Lakini kitu ilileta doh kabisa ni kubadilisha kile tunauza. Watu wakisota hawaachi kununua, wanashuka ngazi. Si ndio kadogo economy, mafuta ya kupima na sukari ya kupima? Kwa ndula, kushuka ngazi ni kurekebisha zile uko nazo. Sistangu akaongeza ukurasa wa kushona soli na kuosha raba, na fundi alikuwa anakaa hapo kando ya kibanda miaka yote. Ikaja ya viatu vya shule, lipa mdogo mdogo: unaanza Novemba, unamaliza kabla shule zifunguliwe Januari. Ukurasa tuliupa jina vile mzazi huandika kwa Google: "Viatu vya shule Umoja, bei na saizi." Hakuna mtu hutafuta "viongozi wa ubora." (Ukichukua namba za watu kwa njia hiyo, waombe ruhusa kwanza. Sheria ya kulinda data iko tangu 2019.)

Mtu ataniambia hiyo yote inawezekana Instagram. Sehemu kubwa ndio, kubali. Ila tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima pamoja karibu masaa sita, na hakuna mwenye biashara angefanya kitu. Hapo wewe ni mpangaji. Domeini ni yako.

Yako, kama iko kwa jina lako. Hapa lazima niungame. Domeini ya sistangu niliisajili na imeili yangu ya chuo. Chuo nikaacha (stori ya fee, siku ingine), imeili ikafungwa, na ile notisi ya kulipia mwaka ikaenda kwa imeili iliyokufa. Tovuti ikapotea wiki ya kwanza ya Januari. Wazazi walikuwa wamelipa nusu bei ya viatu, wanafungua ukurasa, hakuna kitu. Mmoja alikuja kibandani na chali wa nyumba kumi, akidhani dem amehepa na doh zao. Ilichukua siku nne kuirudisha, na siku zote nne sistangu alikuwa anapigia wateja mmoja mmoja kutoka kwa daftari.

Kwa hivyo leo, kabla ulale, pigia dizaina wako simu umuulize domeini iko kwa imeili ya nani na inaisha lini. Kama ni ya .ke, KeNIC ndio husimamia hizo, na unaweza kuitafuta kwa WHOIS yao.

Sistangu siku hizi hulipia mwenyewe. Imeili ni yake, na nywila hataki hata niione.