HOFU YA MITIHANI VYUONI NA DAWA YAKE DARASANI



Ndugu wanafunzi, Inshaallah baadhi yenu mtaingia vyuoni, iwe Chuo cha Uhasibu hapa Njiro, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro au kwingineko. Huko mtayasikia maneno mawili: "sapu", yaani kurudia mtihani, na "kudisko", yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli. Hofu yake si ndogo, kwani huenda mzazi ameuza ng'ombe ili usome. Kijana hukesha, hupitwa na alfajiri, na wengine hushawishika kuibia mtihani.

Chanzo ni nini? Mara nyingi si ugumu wa somo peke yake, bali namna linavyofundishwa na kupimwa. Mwanafunzi husikiliza na kuandika kwa miezi, kisha mtihani mmoja wa mwisho huamua sehemu kubwa ya alama zake.

Sasa liangalieni darasa la Qur'an. Mwanafunzi humsomea ustadhi alichohifadhi, husahihishwa, kisha hurudia ya nyuma. Akikosea leo, kesho atarekebisha. Qur'an yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa takriban miaka 23.

Wataalamu nao wameliona hili. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionesha kuwa wanafunzi waliosoma kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Mwaka 2014 wanafunzi 1,408 wa shule za huko waliulizwa kuhusu majaribio madogo ya darasani, na asilimia 72 walisema yaliwapunguzia wasiwasi wa mitihani.

Kwa hiyo mwalimu wa chuo anaweza kufanya haya:

1. Siku ya kwanza aeleze mada zote na jinsi alama zitakavyotolewa.

2. Kila wiki aulize maswali machache yenye alama ndogo au yasiyo na alama, na asahihishe papo hapo.

3. Awaache wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili kabla ya kujibu kwa Kiingereza.

4. Asiwachoshe. Ibn Mas'ud (R.A) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W) alikuwa akiwachagulia maswahaba siku za mawaidha ili wasichoke.

Na kama mwalimu wako hafanyi hivyo? Tafuta mwenzako. Baada ya Isha fungeni madaftari kwa dakika 20, mmoja aulize na mwingine ajibu, kisha mbadilishane. Anayepanda Mlima Meru hulala Miriakamba, kisha Saddle, ndipo akaenda kileleni. Nawe lipande somo kwa vituo. Hofu ikikuzidi hadi usingizi ukapotea, usinyamaze. Mweleze mzazi, ustadhi au mshauri wa wanafunzi chuoni.

Kisha mkithirishe dua ya Nabii Musa (A.S) katika Surat Twaha, ya kuomba kukunjuliwa kifua na kusahilishiwa mambo.

Wabillahi tawfiq.