Lau Yangaliitwa Mazizi

Aghalabu mwalimu wa historia hapa Kenya anapopanga ziara ya wanafunzi wake, macho humwelekea Pwani. Vijana husafiri usiku kucha wakaione Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, au magofu ya Gede. Sina ugomvi na safari hizo. Kinachonikera ni dhana inayozaliwa nazo: kwamba ukale ni kuta za mawe, na kwamba sisi tuliokulia kwenye majani chai ya Kericho na Bomet hatuna cha kuonyesha.

Hivi karibuni nilikuwa nikimrudisha mjomba wangu Longisa. Alikuwa amekaa kwangu Nairobi majuma matatu akitibiwa macho, na kelele za magari zilimchosha kuliko maradhi yenyewe. (Mjomba kwa Kikipsigis huitwa "mama", wanafunzi wangu wa isimu huuchekea mfano huo kila mwaka.) Njia yetu ya kawaida hupitia Narok. Safari hii nilishika ya Nakuru, ili tupumzike Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho karibu na barabara kuu, kilomita chache kabla ya mji.

Mary Leakey alichimbua hapo mwaka 1937 na 1938. Pana makaburi ya kale, pana bao lililochongwa mwambani, na pana vibonde vya mviringo vilivyoota nyasi, vinavyohusishwa na Wasirikwa, wafugaji ambao masimulizi ya Wakalenjin na Wamaasai husema walitutangulia katika nyanda hizi. Mgeni asiyeambiwa huvipita bila kuviona. Wataalamu wa awali walidhani ni nyumba za watu. Ni utafiti wa John Sutton, alioanza miaka ya 1960, uliobainisha kuwa ni mazizi ya ng'ombe, na kwamba nyumba zilijengwa ubavuni mwake.

Mjomba hajasoma hata darasa moja. Alisimama ukingoni, akaegemea mkongojo wake, akauliza, "Mlango ulikuwa upande gani?" Nikamwonyesha upande wa chini wa mteremko. Akateremka polepole mpaka kwenye tuta lililo nje ya mlango, akalikanyaga. "Basi samadi ilitupwa hapa," akasema. Tuta hilo la samadi na tope ni miongoni mwa ushahidi uliowatoa wanaakiolojia katika dhana yao ya kwanza. Mzee hakuhitaji hata dakika tano.

Tulipokaribia Molo ndipo aliponena tena.

"Mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 niliendesha trekta kwenye shamba la ngano la Mzungu, kule Uasin Gishu. Vitu vile vilikuwako. Tuliambiwa ni mashimo, tuyafukie."

"Mliyafukia mangapi, Mjomba?"

"Nani alihesabu?"

Nilinyamaza, na labda nilinyamaza kwa sababu ya kazi yangu. Wazungu waliyaita mashimo ya Wasirikwa, nasi tukalipokea neno hilo na kulitafsiri vivyo hivyo. Shimo katika shamba ni kasoro. Huvunja plau, huvunja miguu ya mifugo, na mkulima mwema hulifukia. Zizi ni mali ya mtu. Hakuna Mkipsigis ambaye angaliagizwa kufukia zizi asiulize ni la nani. Ningependa walimu wenzangu waliondoe neno "shimo" ubaoni kabla hawajawapakia wanafunzi kwenye basi kwenda Nakuru.

Tulipita Kericho, chai ikiwa imelala vilimani kama zulia lililokatwa kwa mkasi, kisha Litein, Sotik na Bomet. Longisa tulifika jioni, ng'ombe wakiingia bomani. Mjukuu wake wa kike, aliye kidato cha pili, alimwuliza amemletea nini kutoka Nairobi. Mzee alichora duara mavumbini kwa mkongojo, akaacha pengo upande wa chini, akamwuliza binti, "Hiki ni nini?"

"Shimo," binti akajibu.

"Tazama tena."