Amina Rizk, mama wa sinema ya Misri, na kiliwazo cha mke aliyeachwa uzeeni

Wazee wa Unguja na Mombasa waliokuwa wakiingia sinema zama filamu za Kimisri zilipooneshwa katika miji yetu huenda wakaikumbuka sura yake hata pale jina linapowatoka: mama aliyejifunga mtandio, sauti nzito yenye majonzi, kila neno la Kiarabu likitoka mahali pake. Huyo ni Amina Rizk, ambaye Wamisri walimwita mama wa sinema yao. Ajabu ya jina hilo ni kuwa katika umri wake wote hakuolewa wala hakuzaa.

Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1910 mjini Tanta, mji unaojulikana na Waislamu wengi kwa maulidi ya Sayyid Ahmad al-Badawi. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Mama mjane akamchukua hadi Cairo, na huko akakua pamoja na mama yake mdogo, Amina Mohamed, ambaye umri wao haukupishana sana na ambaye naye alivutwa na uigizaji. Mwaka 1924, akiwa na miaka 14 tu, Amina Rizk alijiunga na kundi la Ramses. Kundi hilo lilikuwa limeasisiwa mwaka uliotangulia na Youssef Wahbi, kijana wa ukoo tajiri aliyerejea kutoka masomoni Italia. Michezo yao mingi ilikuwa mizito, yenye misiba na machozi, na hapo ndipo binti huyu alipojifunza kazi iliyomweka jukwaani kwa takriban miongo minane.

Najua wapo watakaouliza mwigizaji ametafuta nini katika kurasa za familia za gazeti hili. Sifichi kwamba kazi ya jukwaani ina mambo ambayo mafundisho ya dini yetu hayayaridhii. Hayo amekwenda nayo kwa Mola wake, na hukumu ni Yake. Ninachotaka kukitazama ni wale wanawake aliowaigiza, kwa sababu hao tunaishi nao nyumba kwa nyumba.

Katika filamu ya Dua al-Karawan ya mwaka 1959, iliyotokana na riwaya ya Taha Hussein, yeye ni mama anayefukuzwa kijijini pamoja na mabinti zake wawili kwa aibu aliyoileta mume. Mjomba wa mabinti hao anamuua mkubwa wao kwa kile akiitacho heshima ya ukoo, na mama hana la kufanya. Mwaka uliofuata ikatoka Bidaya wa Nihaya, kutoka kwa Naguib Mahfouz: mtumishi wa serikali anafariki ghafla, na mjane wake anabaki na watoto wanne na umasikini. Aliyekua yatima, akilelewa na mjane, hakuhitaji kufundishwa namna mama anavyohesabu sarafu za mwisho kabla ya kumtuma mtoto dukani.

Filamu ninayoiona kuwa na uzito zaidi kwetu, hata hivyo, ni Uridu Hallan, yaani Nataka Ufumbuzi, ya mwaka 1975. Nyota wake ni Faten Hamama, anayeigiza mke anayedai talaka mahakamani mwaka baada ya mwaka. Amina Rizk hana nafasi kubwa humo. Yeye ni bibi mzee aliyepewa talaka baada ya ndoa ya miaka mingi, hana mtaji, hana nguvu, naye yumo katika makorido yale yale ya mahakama akitafuta cha kumweka hai. Wengi husimulia habari za Faten Hamama. Binafsi naona kesi ya bibi huyu ndiyo nzito zaidi, maana yule mke kijana anaweza kuanza maisha upya.

Miaka minne baadaye, mwaka 1979, Misri ilibadili sheria zake za ndoa. Sheria hiyo ilibatilishwa mwaka 1985 kwa sababu za utaratibu wa kuitunga, na mwaka huo huo ikapitishwa nyingine, namba 100. Humo mke aliyeingiliwa, kisha akaachwa bila ridhaa yake wala sababu itokayo kwake, anapewa mutaa usiopungua matumizi ya miaka miwili, kwa kuzingatia uwezo wa mume, mazingira ya talaka na muda wa ndoa. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyotunga sheria. Jambo lenyewe lilikuwamo katika Qur'ani, Suratul Baqarah aya ya 241, karne nyingi kabla ya sinema.

Mutaa huu usichanganywe na ile ndoa ya muda, ambayo kwetu ni haramu. Huu ni kiliwazo, mali anayopewa mke aliyeachwa, mbali na mahari na mbali na matumizi ya eda. Wanavyuoni wa madhehebu mengine wapo waliouona kuwa sunna kwa mke wa namna hii. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, ni wajibu kwa mke aliyeingiliwa kisha akaachwa, pasipo sababu itokayo kwake wala kujivua kwa khului. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa inapendeza usipungue dirhamu 30, na wanandoa wakivutana, kadhi ndiye hukadiria kwa kutazama hali ya mume na ya mke. Kitabu hicho kinasomeshwa katika vyuo vyetu. Ni misikiti mingapi inayomuuliza mume juu ya mutaa siku anapokuja kuandikisha talaka?

Kwa idhini yake, nataja kisa cha mama mmoja aliyefika mbele ya kamati yetu, ambayo mimi ni katibu wake. Ndoa ya miaka 29, talaka kwa ujumbe wa simu. Alikuja kuomba godoro lake na masufuria tu. Nilipomweleza habari za kiliwazo alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe ipo?" Mume alipoitwa alidai kuwa matumizi ya eda ameshalipa na hadaiwi kitu. Imamu wetu akamfungulia kitabu, wakakaa naye kuanzia baada ya Alasiri hadi Magharibi.

Amina Rizk alifariki Cairo tarehe 24 Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 93. Mwaka 1991 serikali ilimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Shura, na mwaka huo huo alionekana katika al-Kit Kat akiwa mama wa Sheikh Hosni, yule kipofu asiyetaka kukubali kwamba haoni.

Ama yule mume, alikubali kulipa kodi ya chumba kwa miezi 18. Mpaka sasa amelipa miezi minne.